Ramani ilikuwa nyekundu kote, na bado watu hawakulala

Nilichoficha

Hiki kisa ni cha kupima kelele na kuzichorea ramani kwenye mji mmoja wa pwani ya Kenya. Mtaa siutaji, kaunti siitaji, baa sizitaji, na vipimo vichache nilivyoweka humu nimevizungusha kidogo mtu asije akavishika akaenda navyo hadi mlangoni kwa mwenyewe. Tulikuwa watu watano: afisa wa mazingira, afisa wa afya ya umma, vijana wawili wa mtaa huo huo, na mimi mtu wa ramani. Makosa mengi utakayosoma humu ni yangu. Wale wengine walinifuata tu manake mimi ndio nilikuwa na laptopu, na mwenye laptopu huwa haulizwi maswali mengi.

Mtaa wenyewe

Barabara moja ya lami inapita katikati. Upande huu fleti za gorofa nne, chini maduka juu wapangaji, upande ule nyumba za zamani za mawe na mabati zimebanana hadi ukipiga chafya jirani ndio anakuombea afya. Steji ya matatu iko kwenye kona, tuktuk zimejipanga mbele ya steji, kuna fundi wa kuchomelea, kuna kinu cha kusaga mahindi, zahanati, msikiti, kanisa la mabati, na baa tano. Ukishuka dakika kumi kwa mguu uko baharini.

Malalamiko yalikuwa yanafika ofisi ya mazingira kwa barua, kwa simu, mengine kwa chifu, na karibu yote yalisema neno moja: baa. Mheshimiwa MCA, yaani diwani wa wadi, alikuwa tayari na hoja yake ya kupeleka bunge la kaunti, kwamba baa zote za wadi zifungwe mapema na spika za nje zipigwe marufuku kabisa. Alichokosa ni ushahidi. Wenzake walimwambia hasira za wapiga kura si data, alete kitu kwenye karatasi, na hapo ndio tukaitwa.

Kisheria hakukuwa na shida. Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imewapa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero zingine za umma, alafu kuna kanuni za kitaifa za kelele na mitetemo za 2009 zenye viwango. Eneo la makazi, ukipima nje ya nyumba, ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Eneo la mchanganyiko, makazi na biashara kidogo na burudani, ni 55 mchana na 35 usiku. Usiku wa kanuni unaanza saa mbili jioni unaisha saa kumi na mbili asubuhi, na hizo namba ni wastani, wa masaa 14 mchana na masaa 10 usiku. Ishike hiyo 35 na ulishike hilo neno wastani, tutakutana navyo mbele.

Mita moja, sponji moja na upepo wa kusi

Tulikuwa na mita moja ya sauti ya daraja la pili, ya kuazima, na kalibreta yake, kale kakopo unakachomeka kwenye maiki kanatoa mlio mmoja wa desibeli 94 ujue kama mita inasema kweli. Pamoja na hiyo simu tatu za Android zenye NoiseCapture, programu ya bure ya kupima kelele iliyotengenezwa na watafiti wa Ufaransa. Simu tuliziweka kando ya mita tukazilinganisha, na kila simu ilikuwa na uongo wake. Moja ilikuwa inasoma chini kwa desibeli saba nzima, tukahangaika nayo asubuhi nzima kumbe kitundu cha maiki kimejaa vumbi la unga, mwenye simu anasaidia babake kwenye kinu.

Ilikuwa Julai, kusi imekaza. Mtu ambaye hajawahi kupima kelele pwani hajui hii: maiki bila ile sponji yake ya duara inapima upepo, haipimi mtaa. Sponji tulikuwa nayo moja. Siku ya pili tukaweka mita kwenye meza ya fundi viatu, tukageuka kunywa chai, mtoto akaichomoa sponji akaenda kucheza nayo mpira. Hatukuiona tena. Kijana mmoja akakata kipande cha godoro tukafunga kwa raba, ikapendeza kweli kweli, lakini hakuna aliyejua hilo godoro linakula desibeli ngapi, na siku zilizokuwa na upepo wa zaidi ya mita tano kwa sekunde data yake ni ya kutupa hata ukiwa na sponji halali. Siku nne tukazitupa. Nazisema hizi siku nne kwa sababu ndizo zilitusukuma kwenye kosa kubwa: muda ulikuwa umepungua, tukaanza kukimbia.

Ramani ya kwanza

Tulipima vituo 24, dakika 15 kila kimoja. Za usiku tulipima kati ya saa mbili unusu na saa nne, manake baada ya hapo matatu za kurudi nyumbani zinapandisha nauli na hela ya nauli ilikuwa inatoka mfukoni kwetu. Yaani usiku wetu ulikuwa jioni. Watu wanalalamika kuhusu saa saba usiku, sisi tukawapimia saa tatu.

Nikazimwaga namba kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nikabonyeza ile amri ya kujaza nafasi kati ya pointi na pointi, rangi zikatoka laini kama za kwenye magazeti ya hali ya hewa. Chochote kilichozidi 35 nikakipaka nyekundu kwa sababu ndio kiwango cha kanuni. Mtaa wote ukawa nyekundu. Mpaka ufukweni nyekundu.

Hiyo ramani ina makosa mawili na yote nayaona bado kwenye ripoti za watu wengine. La kwanza ni kwamba ile hesabu ya kujaza nafasi haijui ukuta. Inachukulia kelele inasambaa kama chai iliyomwagika mezani, pointi hii ina 68 na ile ina 66 basi katikati ni 67. Sasa katikati ya hizo pointi mbili kuna jengo la gorofa nne, na nyuma ya jengo kuna ua wa zahanati, na ule ua ndio sehemu tulivu kuliko zote kwenye wadi, akina mama huwa wanakaa pale na watoto wamelala mapajani. Kwenye ramani yangu ulikuwa nyekundu iliyoiva. Sikuwahi kuingia na mita mle ndani.

La pili ni hiyo 35. Usiku wa pwani wenyewe, bila baa, bila gari, una mawimbi, una minazi inayopigwa na upepo, una nyenje, una mbwa. Ukiweka mstari wa rangi mahali ambapo hata bahari inauvuka, umepaka rangi tu, hujapima kitu. Sisemi kanuni ni mbaya, nasema kiwango cha kisheria kinakwambia nani amevunja sheria, na kama jibu ni kila mtu basi mwenye kuamua nani ashikwe sio mita tena.

Tulipoionyesha kwenye ukumbi wa wadi mzee mmoja akanyanyua mkono akauliza pale chini pekundu ni wapi, nikamwambia ni ufukweni mzee. Akasema, "Basi kesho mkaishtaki bahari." Ukumbi ukavunjika mbavu. Lakini aliyeniumiza ni mwenye baa mmoja aliyesimama taratibu bila ukali akasema, "Ndugu yangu, kama kote ni nyekundu, kwangu mnakuja kwa nini?" Sikuwa na jibu. Mheshimiwa naye alikuwa ameridhika kabisa, nyekundu ndio alikuwa anaitaka, akataka aprintiwe kubwa. Na kabla sijazima projekta tayari mtu alishapiga picha, jioni ile ile iko kwenye magrupu ya WhatsApp.

Chumba cha nyuma

Kilichotuokoa ni mama mmoja muuza mahamri. Baada ya mkutano alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hicho kimashine chako kinasikia kwa masikio, mimi nasikia kwa kifua. Njoo usiku nikuonyeshe." Nikamwambia sawa mama, nikaenda Ijumaa na afisa wa afya na binti yake mama, saa sita unusu usiku.

Huyu mama analala saa mbili, anaamka saa tisa kukanda unga, saa kumi na moja ndoo iko mlangoni. Chumba chake kinashiriki ukuta na baa. Si baa kubwa ya barabarani ambayo kila mtu anaitaja, ni ile ndogo ya nyuma ambayo hata kibao haina. Tuliingia tukakaa kimya kitandani. Muziki wenyewe hausikiki kama muziki, huwezi kusema ni wimbo gani, lakini rafu ya vyombo kulikuwa na sufuria la maji limefunikwa na kile kifuniko kilikuwa kinalia tik, tik, tik, tik, na nikishika ukuta kiganja kinapokea. Nikatazama mita: 41. Mtaa wote pale nje ulikuwa unasoma juu ya hapo! Kwa namba yangu huyu mama alikuwa analala kwenye nyumba nzuri.

Alafu nikabadilisha kitufe kutoka A kwenda C. Ikaruka hadi 66.

Nieleze hapa kidogo manake ndio moyo wa kisa. Ile herufi A kwenye dB(A), yaani desibeli zilizopimwa kwa kitufe cha A, ni chujio. Mita inapunguza sauti nzito kwa sababu sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, halisikii nzito vizuri. Kwenye hezi 63, yaani mitetemo 63 kwa sekunde, pale pale besi inapokaa, inatoa desibeli 26. Kwenye hezi 50 inatoa 30. Kwa magari ya barabarani hiyo inafanya kazi vizuri tu, lakini ukuta nao ni chujio, unazuia sauti nyembamba unaachia nzito, kwa hivyo kinachofika kitandani ni besi tupu na mita ya A inaifuta tena. C haiifuti. Tofauti ya A na C ikifika ishirini na kitu, hapo kuna kitu kizito kinachofaa kutafutwa. Kanuni zinataka A. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 1999 lilisema chumba cha kulala kisizidi 30 kwa wastani, na mlio mmoja mmoja usizidi 45, lakini likaongeza kwamba kukiwa na sauti nzito hata hizo namba ni za juu mno. Hayo maneno ya mwisho mimi nilikuwa nimeyaruka.

Kupima upya

Tukaomba wiki tatu zaidi. Mheshimiwa hakufurahi, na sijui tungefanyaje kama afisa wa mazingira asingemwambia waziwazi kwamba wenye baa wakienda kortini na ile ramani ya kwanza wataipasua, manake kuna ua wa zahanati mle.

Safari hii hatukuzunguka na mita. Tuliweka vifaa ndani ya nyumba nne vikae usiku kucha, mita kwenye nyumba ya mama na simu kwenye zile tatu, baada ya kuzisafisha maiki. Watu waligoma mwanzoni. Mama mmoja aliuliza kama tutakuwa tunawasikiliza wakiongea na waume zao, na ni swali la haki, na pia kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Kwa hivyo tuliweka vifaa vihifadhi namba tu kila sekunde, sauti yenyewe isirekodiwe kabisa, na tukamwonyesha kila mwenye nyumba faili lenyewe: safu za namba, hakuna maneno. Kando ya kitanda tukaacha daftari na kalamu. Ukiamka usiku, andika saa. Basi.

Daftari ndio kifaa cha bei ya chini kuliko vyote na ndicho nilichokipenda zaidi.

Vijana wakahesabu magari barabarani kwa mistari mitano mitano, matatu, tuktuk, boda, lori, kwa masaa tofauti. Mimi nikachukua michoro ya majengo kutoka OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, mingi ilikuwepo na mingine tukachora wenyewe, nikaingiza kwenye NoiseModelling, programu ya kukokotoa kelele inavyosambaa, ambayo angalau inajua ukuta ni ukuta. Hesabu iliyo ndani yake imetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, kule ambako sheria ya 2002 inalazimisha miji ya watu zaidi ya laki moja ichore ramani za kelele kila miaka mitano, na inajua magari ya kule. Tuktuk tuliitia kwenye kundi la pikipiki. Honi haimo kabisa, na makanga anayeita abiria saa kumi na moja alfajiri hayumo pia. Kwa hivyo ile ramani ya barabara nilikuwa naiamini kwa mchana tu.

Usiku wa maji

Kwenye data ya nyumba za fleti kukatokea mlima ambao hakuna aliyeulalamikia kwa jina. Usiku fulani, kuanzia saa saba hadi saa kumi, kelele inapanda ghafla inakaa pale pale bila kuyumba, alafu inakatika kama kisu. Usiku mwingine hakuna. Na hata Jumatatu ilikuwepo, siku ambayo baa zimelala. Nikadhani jenereta. Kijana mmoja akaangalia tarehe tu akacheka, akasema, "Bro, hizo ni siku za maji."

Wa pwani ameshaelewa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na mara nyingi huja usiku wa manane, na hayana nguvu ya kupanda gorofa nne. Kila fleti ina pampu yake kwenye korido ya chini imefungwa boliti moja kwa moja kwenye sakafu, maji yakija pampu zote zinawaka pamoja kujaza matangi ya juu. Ile korido inakuwa ngoma. Kwenye daftari usiku wa maji watu wa fleti waliamka zaidi kuliko usiku wa Jumamosi. Na watu hao hao barua zao zilisema baa! Si kwamba walidanganya. Ukiamka saa nane usiku na moyo unaenda mbio hutafuti pampu, unatafuta adui unayemjua, na pampu ni yako, ndio inayokuletea maji, utailalamikia vipi.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulitupa ramani moja tukachora tatu za masaa tofauti: jioni, usiku wa manane, alfajiri. Rangi hazikufuata 35 tena. Tulichukua ule utulivu wa chini wa mahali penyewe, ile namba ambayo kelele inaizidi asilimia 90 ya muda, tukapaka kwa kiasi ambacho chanzo kinaruka juu yake. Kisheria hiyo haina nguvu na tuliandika hivyo, namba za kanuni tukaziweka kwenye jedwali la nyuma. Lakini ufukwe ukawa kijani na mzee akatulia.

Wastani wa usiku tuliuacha pia kwenye jedwali la nyuma, na hii tulibishana sana na afisa wa mazingira. Chukua honi ya desibeli 90 ipigwe dakika moja tu jumla usiku mzima. Ukiisambaza kwenye masaa kumi inakuwa 62. Mtu aliyeamshwa mara sita na hiyo honi hajaamshwa na 62, ameamshwa na 90. Tukaweka idadi ya milipuko ya kelele kwa usiku badala ya wastani, diwani yeyote anaelewa "mara kumi na moja kati ya saa saba na saa kumi", Leq, jina la kitaalamu la ule wastani, hakuna anayeielewa na wanaosema wanaielewa nusu yao wanadanganya.

Kuhusu baa tulimpa mheshimiwa hesabu ifuatayo, na nafikiri ndiyo iliyombadilisha. Tuseme baa moja inatoa 75 mahali fulani na nyingine nne kila moja 65. Zote tano pamoja ni kama 76 na nusu. Ukizifunga zile nne ndogo, ukawakosesha watu kazi, unabaki na 75. Desibeli moja na nusu, sikio halitajua. Desibeli hazijumlishwi kama sukari. Kwa hivyo hoja ya kufunga zote ikageuzwa ikawa sharti la leseni: spika isiguse wala kuelekea ukuta unaoshirikiwa na nyumba, na malalamiko yakija pimeni ndani ya chumba cha mlalamikaji, dirisha wazi, kwa A na kwa C. Dirisha wazi kwa makusudi, manake Ulaya watakwambia weka vioo viwili, hapa na hili joto ukifunga dirisha hujalala pia, na dirisha wazi linakukinga kwa desibeli kumi, kumi na tano hivi.

Alafu kuna uamuzi ambao bado siuonei fahari. Msikiti na kanisa hatukuwaweka kwenye ramani kama vyanzo. Tulikaa na imamu, tukakaa na mchungaji ambaye ana kesha za Ijumaa, wote walituheshimu, na wote walitusikiliza. Lakini tuliogopa, nasema wazi, ramani ya kwanza ilikuwa imetufundisha picha inavyokimbia. Kinachochekesha ni kwamba kanuni za 2009 zinaitaja nyumba ya ibada kama mahali pa kulindwa dhidi ya kelele, 40 mchana, 35 usiku. Aliyeandika hakufikiria upande wa pili wa spika.

Ilivyoisha

Hoja ilifika kwenye kamati ikakaa huko, kama hoja zinavyokaa. Ila kamati ya leseni za vileo ya kaunti ndogo haikungoja, ilichukua lile sharti la ukuta ikalitumia kwa ile baa ya nyuma wakati wa kufanya upya leseni. Mwenye baa alihamisha spika mbili kubwa upande wa pili akaziinua kutoka sakafuni. Tukarudi kwa mama Ijumaa, sufuria pale pale. Mita ya A ilishuka desibeli tatu tu, C ilishuka kumi na nne. Kifuniko kimya. Wateja wengine waliopenda besi walihamia baa ya mtaa wa tatu, na huko kuna watu wengine wanaolala, hilo hatukulipima.

Pampu hazikuhitaji sheria. Mwenye fleti mmoja alikata tairi kuukuu vipande akaweka chini ya pampu, akabadilisha bomba la chuma lililogusa ukuta kwa kipande cha mpira, kazi ya siku moja, na ule mlima kwenye grafu ukashuka karibu nusu ya urefu wake. Wenzake wawili wakaiga. Wa nne alisema pampu yake haina tatizo. Ratiba ya maji hatukuweza kuigusa, tuliandika barua, haikujibiwa.

Tukiangalia nyuma

Kilichofanya kazi ni kitanda. Tulipohamisha mita kutoka barabarani hadi kitandani swali lilibadilika kutoka "nani ana kelele" kuwa "nini kinamwamsha nani saa ngapi", na hilo la pili linaweza kujibiwa na kufanyiwa kitu. Vijana wa mtaa nao walifanya kazi kuliko nilivyowapa sifa. Mimi na mafaili yangu ningekaa wiki nzima natafuta jenereta isiyokuwepo, yule kijana alihitaji kuona tarehe tu.

Kilichofeli ni kwamba tulianza na rangi kabla hatujajua tunapima nini. Malalamiko tuliyasoma kama majina ya washtakiwa, tungeyasoma kama dalili. Ukimwambia daktari una malaria bado anakupima damu, sisi tuliambiwa baa tukaenda kupima baa. Pia tulikosea kupima Julai tu. Kaskazi ikiingia upepo unageuka, madirisha ya upande mwingine ndio yanafunguliwa, na wageni wanajaa Desemba, ule mtaa una kelele zingine kabisa ambazo ramani zetu tatu hazizijui. Nyumba nne pia ni chache, na zote ni za watu waliotukubali, waliokataa huenda ndio walikuwa na la kusema.

Na simu. Kwa kutafuta masaa na milima ya usiku zilitosha kabisa, ila kuna mtu kwenye ofisi alitaka tuzitumie kumwandikia mwenye baa notisi. Hapana. Notisi inataka mita yenye kalibreta, imepigwa 94 kabla na baada, na jina la aliyeishika. Siku mwenye baa atakapouliza ilikaguliwa lini, simu yenye unga kwenye maiki haitakujibia.

Swali la ibada limebaki wazi. Afisa wa afya alisema tungeweza kuonyesha idadi ya milipuko ya alfajiri bila kutaja inatoka wapi, kila mtu angejua na hakuna ambaye angeaibika. Pengine. Mimi nilisema hapana wakati ule na leo ningechelewa kidogo kabla ya kusema hapana.

Ramani tatu mpya ziko kwenye ukuta wa ofisi ya mazingira, kona zimeanza kujikunja kwa unyevu. Ile ya kwanza haikufa. Mpangaji mmoja aliipeleka kwa mwenye nyumba akapunguziwa kodi, na wiki iliyopita nimetumiwa skrinishoti yake na mtu anayetaka kununua kiwanja nyuma ya zahanati, amezungushia ua kwa kalamu ya bluu, ananiuliza pale kelele ni mbaya kiasi gani. Nimemwambia aende akakae pale na kiti saa saba mchana. Hajanijibu bado, nadhani anaamini ramani.